Gari Linalokunywa Maji Kunishinda

Maji yatoke Mto Sabaki, yasafishwe Baricho, yasafiri mabombani mpaka hapa Malindi, mama watoto ayachote kwa foleni na maneno, halafu yaishie tumboni mwa gari! Wallahi nimechoka. Asubuhi najaza rejeta na chupa ya akiba mpaka alama ya juu. Jioni injini ikishapoa nachungulia: chupa iko chini ya alama ya chini, na rejeta imepungua. Nainama uvunguni, mchanga mkavu. Nikatandika boksi chini ya injini usiku kucha, alfajiri nikalikuta kavu, paka wa jirani kajilaza juu yake. Sasa maji yanakwenda wapi? Si jasho, si mkojo, si machozi.

Na Malindi hii, ukifungua boneti tu, kila mtu fundi. Muuza kahawa wa kona hata hakusogea. "Hiyo gasketi ya hedi," akasema huku anamimina, macho kwenye kikombe. "Shusha injini, yakhe." Yaani ile sili ya kati ya kichwa cha injini na bloku yake. Ametambua kwa harufu ya tangawizi, nadhani. Dereva wa tuktuk akasema hapana, gari limepatwa na jicho la hasidi, nilifukize ubani. Mzee mmoja wa barazani akaagiza nitie bizari vijiko viwili kwenye rejeta, itaziba. Mwenzake akaruka: si bizari, ute wa yai! Wakashikana kwa hoja mpaka adhana ya alasiri, wamesahau kabisa kwamba pale pana injini, wanapanga mapishi. Kitunguu tu ndicho hakikutajwa.

Fundi wa kwanza, huyo Mungu amsamehe, aling'oa themostati akaitupa mchangani. Eti huku pwani joto liko tele, kidude hicho ni cha nchi za baridi. Kumbe kazi yake ni kuyazuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ipate moto wake. Ukiing'oa, injini inachelewa kushika moto, na petroli inakwenda bure. Basi gari langu sasa likawa linakunywa maji na petroli, mlevi wa vinywaji viwili, na bili ni kwangu.

Shemeji yangu wa Lamu alipopata habari akapiga simu kusudi anicheke. "Shemeji, si nilikwambia ununue punda? Punda akinywa maji, yakitoka unayaona." Na kule kwao punda wana hospitali, wanatibiwa bure! Mimi huku natozwa hata kwa kuambiwa "kazi ipo hapa".

Ndipo nikapelekwa kwa mzee mmoja Maweni, gereji yake ni mwembe na benchi. Hana maneno. Akaniuliza: zulia la mbele linalowa? Kioo kinafanya ukungu wenye harufu tamutamu? La, basi si hita. Ekzosi inatoa moshi mweupe hata injini ikiwa moto? La. Akavuta kijiti cha oili, akakipangusa kwa kidole gumba, akaniwekea kidole puani: oili nyeusi. Ingekuwa rangi ya chai ya maziwa, yaani maji yameingia kwenye oili, hapo ningelia. Kisha akasema tungoje gari lipoe. Nikataka kufungua mfuniko wa rejeta mwenyewe, akanipiga kofi la mkono. Maji yakiwa na presha ndani hupita nyuzi 100 bila kuchemka, lakini ukifungua tu yanalipuka, uso wote unakuwa wali.

Lilipopoa akafunga pampu ya mkono yenye saa ya presha juu ya mdomo wa rejeta, akapampu mpaka baa 1.1, kama ilivyoandikwa kwenye mfuniko. Mshale ukasimama. Tukautazama. Ukaanza kushuka, polepole, kwa adabu. Mzee akachukua tochi na kioo cha kunyolea ndevu, akakipenyeza chini ya wota pampu, ile inayozungusha maji kwenye injini, akaniita.

Tundu. Dogo, mbegu ya ufuta haiingii vizuri. Pembeni ukoko mweupe wenye ukijani wa kulanti, ile dawa ya maji ya rejeta, ya zamani. Likitembea, pampu inazunguka, presha inapanda, maji yanachuruzika hapo na kukaukia kwenye chuma cha moto kabla hayajagusa ardhi. Usiku presha hakuna, boksi linalala kavu na paka wake. Na tundu lenyewe limetobolewa kiwandani makusudi, ili mwenye gari aone sili ya pampu ikichakaa! Sasa mmelitoboa ili nilione, halafu mkaliweka mahali anapoishi mjusi?

Pampu mpya, themostati mpya, mfuniko mpya kwa kuwa mpira wa ule wa zamani ulikuwa umepasuka. Mzee akasuuza maji yangu ya bomba, akatia kulanti nusu na maji safi ya dukani nusu, akanikataza ya bomba kwani yanakula vyuma. Pesa zote za karo zikapita mkononi mwangu zikimpungia mama watoto.

Nikapita kwa muuza kahawa makusudi. Nikamwambia, ami, ilikuwa wota pampu, si gasketi.

"Hiyo pampu mpya," akasema, anamimina, "imefungwa bila gasketi?"

Nikanyamaza. Imefungwa na gasketi, nimeilipia mwenyewe.

"Basi," akasema, akawageukia wa barazani.