Mheshimiwa Yumo Kalavatini

Naomba mwenye busara anieleze ni kwa haki gani mbwa asiyezidi sentimita 30 mabegani, tena anayekula vizuri kuliko mimi, ameyafukua matuta yangu yote ya viazi kabla jua halijachomoza. Umeme tumeuzoea, maji tumeyazoea, na bei ya dagaa hapa Kibirizi, Kigoma, kando ya ziwa lenyewe, tumekwisha kuacha kuiulizia. Lakini huyu mbwa wa shemeji, wa aina ya Jack Russell, hazoeleki.

Shemeji alipohamishiwa Dodoma aliniachia mbwa pamoja na kurasa za maelezo, nami nimezisoma kwa heshima zote. Mwaka 1819 huko Uingereza, John Russell, aliyekuja kuwa kasisi, alikuwa angali mwanafunzi Oxford alipomnunua kwa muuza maziwa jike aliyeitwa Trump (jina hilo lilitangulia siasa za sasa), na kwake ukaanza ukoo wa mbwa wa kuwindia mbweha. Kazi yao ni kuingia shimoni na kumbwekea mbweha bila kumuua mpaka atoke mwenyewe, na rangi yao ni nyeupe ili mwindaji asije akawadhania kuwa ndio mbweha. Kigoma mbweha wa Kiingereza hatuna. Tuna makalavati.

Juzi, tukielekea Mwanga, aliona panya akaingia kalavatini, akabaki humo akibweka. Shemeji, kwa sababu anazozijua yeye, alimpa mbwa huyu jina la Mheshimiwa, kwa hiyo mimi, mtu mzima mwenye suruali iliyopigwa pasi, nikapiga magoti kando ya barabara nikiita, “Mheshimiwa, tafadhali toka!” Watu wakajaa. Kijana wa bodaboda akazima pikipiki, akaniamkia shikamoo, kisha akauliza mheshimiwa huyo ni wa jimbo gani. Mzee mmoja akasema kwamba wakishaingia huwa hawatoki. Mama mmoja akatua beseni lake la samaki, akainama, akasema kwa sauti ya upole, “Baba, akikusikia, mkumbushe na barabara yetu.” Nilijaribu kueleza habari za kasisi na mbweha, wakaniangalia kwa huruma. Hatimaye mama yule alipitisha mgebuka mdomoni mwa kalavati, na kiongozi akatoka mbio, mweusi kwa tope, huku mimi nikitozwa bei ambayo hata mgebuka mwenyewe angeikataa.

Maelezo yanasema manyoya yake mafupi yachanwe kila wiki, achanjwe kichaa cha mbwa, na akimbizwe kila siku, maana akikosa shughuli hufukua na kubweka. Shughuli! Hapa mtaani vijana wenye vyeti hawana shughuli, na hakuna hata mmoja aliyenifukulia viazi. Yanasema pia kwamba huishi miaka 13 au zaidi, nami tayari nina shinikizo la damu.

Na shemeji akipiga simu jioni, huuliza kwanza kama Mheshimiwa amepigwa mswaki, kwa kuwa mbwa wadogo huharibika meno upesi. Dada yake wa tumbo moja jego linamuuma mwezi mzima, hajaulizwa.