Baiti 8192 za Nini?

Hivi jamani, nani alituroga? Video ya harusi ya Langoni inatoka kompyuta hii kwenda seva ile pale, chumba kimoja, waya mita mbili, na tangu adhuhuri imeganda! Naangalia mipangilio ya NFS (njia ya kutumia faili za seva kupitia mtandao): rsize 8192, wsize 8192, yaani baiti za kusoma na za kuandika kwa mkupuo mmoja. Linux (mfumo endeshi) inakubali hadi 1048576, fundi wetu anateka bahari kwa kijiko cha chai! Halafu kaweka "soft", yaani seva isipojibu, kompyuta ikate tamaa na kurudisha kosa. Umeme ukikatika (na Lamu hii utakatika tu), faili linakatika katikati, programu isiyojali makosa inajisifu imemaliza. Si uweke "hard", ingoje seva irudi? Fundi anajibu: "Ati, hard itagandisha mashine." Na igande! Bi harusi akitoka hana kichwa, mamake utamkabili wewe?