Kompyuta isafishe picha za ubongo, isitoe hukumu

Mei 2024 Kusini tulikatika mara mbili. Kwanza mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya Dar es Salaam maeneo ya Somanga. Kisha, tarehe 12, nyaya za EASSy na Seacom zikakatika baharini, intaneti ikasuasua nchi nzima. Huukumbuka mwezi ule kila ninaposikia pendekezo kwamba picha za ubongo za wagonjwa wa Lindi na Mtwara zitumwe kwenye kompyuta za mbali, programu izichakate yenyewe na kurudisha majibu. Wazo lina uzito, na wanaolitetea hawakosi hoja.

Picha zinazozungumzwa ni aina ya MRI, kipimo cha mashine ya sumaku, inayopima mwendo wa maji ndani ya ubongo. Maji hupita kwa urahisi zaidi kufuata urefu wa nyuzi za neva kuliko kuzikatiza, kwa hiyo ukiujua mwendo wake unajua nyuzi zinaelekea wapi. Mwaka 1994 Peter Basser na wenzake walichapisha hesabu ya kuueleza mwendo huo pande zote. Picha hizihizi ndizo huonyesha kiharusi cha mshipa ulioziba mapema, mara nyingi kabla CT, kipimo cha eksirei, haijaonyesha kitu.

Lakini zinatoka chafu. Kipimo chenye mielekeo 64 ya mwendo wa maji, kila mmoja ukipigwa vipande 60 vya ubongo, ni picha 3,840 za mgonjwa mmoja. Akitikisa kichwa haziwiani tena. Sumaku zinazowashwa na kuzimwa kwa kasi huzusha mikondo ya umeme inayozipinda. Karibu na pua na masikio, penye hewa, ubongo huonekana umevutwa. Hakuna binadamu wa kunyoosha yote hayo kwa mkono. Programu za FSL ya Oxford na MRtrix3 hufanya kazi hiyo, na QSIPrep, iliyochapishwa 2021, huunganisha hatua za programu kadhaa kuwa mfululizo mmoja na kutoa ripoti ya ubora mwishoni. Hapa siwapingi watetezi hata kidogo. Programu haichoki, haibadili utaratibu kati ya mgonjwa wa asubuhi na wa jioni, na huona mtikisiko wa milimita moja ambao jicho lingeupita. Kwa mikoa yenye wataalamu wachache, huo ni msaada wa kweli.

Shida inaanza programu inapoacha kusafisha na kuanza kuchora njia za nyuzi. Fikiria Mnazi Mmoja, pale Mingoyo, barabara za Lindi, Mtwara na Masasi zinapokutana. Ukipewa tu taarifa kwamba pale magari yanaelekea huku na huku, huwezi kusema basi lililotoka Lindi limenyoosha kwenda Masasi au limekata kwenda Mtwara. Kila kisanduku cha picha kina upana wa milimita 2 hivi, na ndani yake mna nyuzi nyingi mno zenye unene wa sehemu chache tu za elfu za milimita, na kwingi zinapishana. Programu hukisia, kisha huchora mstari wenye rangi nzuri.

Ukisiaji huo umepimwa. Katika utafiti uliochapishwa 2017, vikundi 20 vilipeleka matokeo 96 ya ubongo wa kutengenezwa kwenye kompyuta, wenye mafungu 25 ya nyuzi yaliyojulikana. Nyingi ya mbinu ziliyapata asilimia 90 ya mafungu ya kweli, walau kwa sehemu. Lakini zilezile zilichora mafungu ya uongo mengi kuliko ya kweli. Waliofanya hivyo walikuwa mabingwa wa fani.

Mtetezi atajibu kwamba daktari wa upasuaji anayetafuta njia ya kuufikia uvimbe ni afadhali awe na ramani yenye makosa kuliko kukosa kabisa, na kwamba programu mpya zimefunzwa kukataa njia zisizowezekana. Ni kweli. TractSeg ya 2018, kwa mfano, ilifunzwa kwa mafungu yaliyohakikiwa na wataalamu. Ila ilifunzwa kwa watu 105 wa mradi wa Marekani uliopima vijana wenye afya wa miaka 22 hadi 35. Mzee wa Newala mwenye miaka 68 na presha ya siku nyingi hafanani nao, na mashine atakayolazwa haifanani na ile. Hapo ndipo naona hatari: kosa lenye sura ya uhakika.

Kuhusu kutuma picha mbali, nasema tusitume. Programu hizi hazihitaji intaneti zikishawekwa. MRtrix3 ina msimbo wazi, FSL ni bure kwa matumizi yasiyo ya biashara. Kompyuta moja yenye nguvu ndani ya hospitali inatosha. Tena picha ya kichwa huweza kurudisha sura ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatuhusu sote.

Michoro ya nyuzi iingie kwenye faili la mgonjwa ikiwa pamoja na picha ya awali, na daktari aliyeilinganisha aweke saini. Ripoti ya ubora nayo inataka mtu wa kuifungua kila siku na mwenye mamlaka ya kusema kipimo hiki kirudiwe. Ajira ya mtu huyo naidai kabla ya kompyuta yenyewe kununuliwa.