Droni ya Nebraska na kizibo cha soda

Video ya droni ikipita juu ya mahindi ya Marekani haikosi kwenye makundi ya WhatsApp ya wakulima wa nyumbani, na swali huwa lile lile: inauzwa shilingi ngapi? Kwangu mimi hilo lingekuwa swali la mwisho kabisa.

Huku Nebraska shamba la kawaida ni mraba wa ekari 160, kipimo kilekile cha sheria ya mwaka 1862 iliyogawa ardhi kwa walowezi. Ardhi ilikatwa kwa rula, na droni inaipenda rula. Kwa kamera ya mawimbi mengi, inayonasa hata mwanga usioonekana kwa macho, kama ile ya droni ya Mavic 3 Multispectral, ukiruka mita 100 juu, kila nukta ya picha ni kama sentimita 4.6 ardhini. Picha zikipandana asilimia 70 ubavuni, njia za kuruka zinaachana mita 36 hivi, na kwa mwendo wa mita 10 kwa sekunde eneo lote linaisha kwa nusu saa na ushei. Kiwanda kinataja dakika 43 kwa betri moja. Kwenye upepo hesabu 30, kwa hiyo beba mbili.

Mtaalamu wa huku anasoma umbo kabla ya rangi. Mabomba ya kumwagilia yanazunguka kwenye mhimili, kwa hiyo tundu moja likiziba unaona duara jembamba la mahindi yaliyodumaa. Mashine ya kupandia ikikosa mbegu, unaona mstari ulionyooka. Maji yakituama, unaona kiraka kisicho na umbo, tena bondeni. Kisha ramani inapakiwa kwenye trekta, nayo mashine inabadili kiasi cha mbolea yenyewe ikitembea.

Nyumbani Tanzania, Ismani au Mbozi, trekta la namna hiyo halipo, na wengi wanaishia hapo: teknolojia si yetu. Napinga. Mkono wenye kizibo cha soda unaweka mbolea shimo kwa shimo, jambo ambalo mashine kubwa za huku haziwezi. Zinabadili kiasi kwa vipande vya mita kadhaa. Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 60, miche miwili kila shimo, ekari ina mashimo 9,000 hivi. Kizibo kimoja cha gramu 5 za urea kinakula kilo 45, mfuko pungufu kidogo. Ramani ikisema robo ya shamba haina haja ya kizibo kizima, umeokoa kilo zinazohesabika. Kinachokosekana ni mtu wa kuigeuza ramani kuwa vijiti vyenye vitambaa: chekundu kizibo kimoja na nusu, cheupe kimoja, kijani nusu.

Ila rangi peke yake itakudanganya. Mahindi yakichanganywa na maharage, droni inaona ukijani wa maharage na kukuambia shamba lina afya, wakati mahindi juu yake yana njaa. Pale palipokuwa zizi la ng'ombe zamani patang'aa kuliko kote, ukipachukua kama kipimo utadhani shamba lote limekufa. Na kile kipimo maarufu cha ukijani, NDVI, hulewa majani yakishafunga ardhi: mahindi mazuri na mazuri zaidi yanatoa namba moja. Hapo tumia kipimo kingine, NDRE, kinachosoma ukingo wa mwanga mwekundu. Kabla ya hapo, mahindi yakiwa madogo, udongo mwekundu unachafua namba zote.

Dawa ya utata huo ni ukanda wa mfano. Wakati wa kupandia, toa mistari minne ya mita 20 uipe naitrojeni ya kushiba. Mahindi yakifika majani 6 hadi 8, rusha kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, mawingu yawe yametanda sawasawa au yasiwepo kabisa. Mawingu yanayopita yanaacha michirizi ambayo wageni wa kazi hii huiita ugonjwa. Piga picha ya kibao cha kusawazishia mwanga kabla na baada. Weka sahani tano nyeupe, nne pembeni na moja katikati, ili ramani ya wiki ijayo ikae juu ya hii. Picha ziunganishe kwa WebODM, ramani ichambue kwa QGIS. Programu zote mbili ni za bure, lakini kompyuta iwe na RAM ya GB 16 angalau. Sehemu ambayo namba yake iko chini ya asilimia 95 ya namba ya ukanda wa mfano, iendee kwa miguu.

Kwa miguu, nasema. Njano inayoanzia ncha ya jani la chini na kushuka kwa umbo la V ni njaa ya naitrojeni. Michirizi iliyopauka kwenye majani machanga inaweza kuwa upungufu wa zinki au ugonjwa wa virusi, na urea haiponyi. Kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, unang'oa. Viwavijeshi vamizi ndio kabisa: droni inapowaona, wameshakula. Mayai mara nyingi yako upande wa chini wa majani, viwavi hujificha ndani ya moyo wa mhindi, na hakuna kamera inayochungulia humo.

Huku kibali cha rubani wa kazi ni mtihani wa maswali 60, ufaulu asilimia 70, usajili wa droni, na usipande zaidi ya mita 122. Nyumbani kuna TCAA, yaani Mamlaka ya Usafiri wa Anga, kuna na Wizara ya Ulinzi, na mahindi ya majani 8 hayasubiri mhuri. Ndiyo maana naona kibali, droni na kompyuta vishikwe na AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, au skimu nzima, vikaombewe ruhusa miezi kabla ya mvua, na ndege iruke mara moja juu ya mashamba yaliyopakana. Mwenye ekari mbili peke yake asinunue. Hata picha za bure za setilaiti ya Sentinel-2 zina nukta za mita 10, ekari moja inapata kama 40 tu na nyingi zimegusa mpaka wa jirani. Lakini kwa skimu ya ekari 500 zinatosha kuonyesha wapi droni ipelekwe kwanza.