Mboga za Maji ya Kisima

Mwezi wa pili, jua la kaskazi limekaza, niliwaita watu wa nyumba nikawatangazia kwamba mboga za kununua sasa basi. Nyuma ya nyumba yetu hapa Kisauni kuna kiwanja cha kutandika mikeka minne, nami mikono ninayo. Mke wangu akauliza mbona nisingoje mvua za mwaka kama watu wengine. Nikamjibu watu wengine ndio hao wanaonunua mboga.

Jembe la kwanza lilitoa cheche. Udongo ni vidole vinne tu, chini matumbawe matupu. Nikaazima mtaimbo. Siku ya tatu nilikuwa na matuta mawili, malengelenge saba, na miche 40 ya sukuma wiki imepangwa safu kama watoto wa madrasa.

Ikabaki maji. Maji matamu twanunua kwa mtungi kwa mwenye mkokoteni, sasa nani ayamwage chini mchana kweupe? Kisima tunacho. Maji yake ni ya chumvi, sabuni haitoi povu hata uisugue ikaisha, lakini nikajiambia mboga haiogi. Mke wangu, na ule ulimi wake, akasema huenda zikatoka zimeshaungwa.

Haikupita wiki, majani yakaanza kuungua kingo, yakawa hudhurungi, yakajikunja. Nikasema kiu hiyo! Nikaongeza ndoo tatu asubuhi, tatu jioni. Nikizidisha maji, nazo zazidi kukauka. Juu ya tuta pakaota unga mweupe, na mwanangu wa miaka sita akaulamba.

"Baba, ni chumvi."

Nikamwambia aende akafanye hesabu zake.

Mvua za Aprili zilinikuta na miche mitatu. Na magugu! Kufikia mwezi wa tano yamefumuka kila pembe, nikaona basi hawa ndio wachawi wenyewe. Jumamosi moja nikayang'oa tangu alfajiri, nikayarundika ukutani, mgongo wauma lakini roho nyeupe.

Saa tatu hivi akabisha hodi mamamkwe wangu, kutoka Kilifi.

"Shikamoo mama, karibu ndani."

"Marahaba mwanangu." Ndani haingii. Macho yako kwenye rundo. "Mboga zote hizi mwazitupa, zina nini?"

Nikadhani ananitania. Akaomba ungo, akaketi kibarazani akaanza kuchambua, umande ungali juu ya majani: huu mchicha, huu mnavu, huu mchunga. Ungo ukajaa, akaomba na sinia. Kisha akaniuliza kwa upole, na upole wenyewe ndio ulioniuma:

"Na ile mitatu pale, yaumwa?"

Mchana tukala sima kwa mchicha wa nazi. Mamamkwe akaonja, akatafuna kidogo, akaweka tonge chini.

"Mboga tamu, ila chumvi imepungua."

Mke wangu hakusema neno. Aliinuka tu, akaniletea ndoo ya kisimani.