Meli ya bendera ya visiwa: nani amlinde baharia?

Komoro haifikishi watu milioni moja, lakini bendera yake inapepea kwenye meli nyingi ambazo hazijawahi kutia nanga Moroni. Visiwa vya Marshall navyo vina sajili kubwa ya meli kuliko nchi nyingi zenye viwanda vya meli. Nasi tusijitoe: meli za nje zinazobeba bendera ya Tanzania husajiliwa na Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar, huku Bara kukiwa na TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania. Kazi yenye staha chini ya bendera za visiwa ni jambo letu kabisa.

Wanaotetea sajili hizi wana hoja. Ada hulipwa kwa ukubwa wa meli, na kisiwa kisicho na madini wala viwanda kinapata pato. Kikibana masharti peke yake, mwenye meli anahamia bendera nyingine: mabaharia ni wale wale, mshahara ule ule, ila pato limeondoka. Kasoro ni kwamba anayepokea ada ndiye anayetakiwa kukagua, na mara nyingi ukaguzi amewaachia kampuni zinazolipwa na mwenye meli huyo huyo.

Kwa hiyo naona nguvu iko bandarini. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006, ambao Tanzania iliuridhia 2019, unasema hata meli ya nchi isiyouridhia isipendelewe ikifika bandari ya nchi iliyouridhia. Mkataba unataka saa 10 za mapumziko katika kila saa 24, na 77 kwa wiki. Zikigawanywa, ziwe vipande viwili tu, kimoja kisipungue saa 6. Mkaguzi akipanda meli Dar es Salaam, daftari la mapumziko mara nyingi ni safi mno: kila siku saa zile zile, kalamu ile ile. Alilinganishe na kumbukumbu za bandari. Kama rubani, yule anayeongoza meli kuingia bandarini, alipanda saa nane usiku, baharia aliyeandikwa amelala ndiye aliyekuwa akivuta kamba.

Mshahara nao una mtego wake. Miezi miwili bila malipo, Mkataba huo wa 2006 unahesabu kuwa baharia ametelekezwa, na bima ya mwenye meli inapaswa kumrudisha kwao na kumlipa malimbikizo, lakini yasiyozidi miezi minne. Anayevumilia ahadi hadi mwezi wa nane, minne inayozidi bima haiigusi. Atabaki kuidai meli yenyewe, kesi inayochosha. Cheti cha bima hiyo lazima kibandikwe melini mahali panapoonekana. Akisome mapema.

Wanaopinga kuzuia bandarini meli yenye makosa haya wanasema mzigo unakwama, gharama zinamwangukia mwagizaji, na mabaharia wanabaki ndani bila chakula. Ni kweli, tena la chakula ni zito. Ndiyo maana bima iitwe siku ile ile ya kuizuia meli, isingojewe wiki.

Linalonisumbua zaidi ni majahazi. Mkataba umeyaacha nje kwa kuyataja, pamoja na vyombo vya uvuvi. Kulidai jahazi la Pemba au Komoro vyumba vya kulala kama vya meli ni kuliua. Lakini malipo ya safari kuandikwa kabla ya kutweka tanga, na orodha ya majina kubaki nchi kavu, hayo hayahitaji zaidi ya karatasi moja.