Silinda ya tatu ya Beetle: kosa la kiwanda au la gereji?

Volkswagen Beetle ikiunguza valvu, mafundi huanza kuchungulia silinda ya tatu. Wengine hulaumu kiwanda, wengine utunzaji.

Injini hii haina rejeta ya maji. Feni husukuma hewa ndani ya kasha la bati, ikashuka juu ya silinda nne. Kwenye injini za zamani, kipoza oili kimesimama ndani ya kasha hilohilo, upande wa kushoto, mbele ya silinda ya tatu. Hewa huifikia ikiwa imeshapata moto wa oili, tena imepungua.

Wanaolaumu kiwanda wana ushahidi wa kiwanda chenyewe. Baadhi ya distributa, yaani vigawa-umeme vya plagi, zilitengenezwa ziwashe silinda ya tatu kwa kuchelewa nyuzi chache, ili kuipunguzia joto. Kisha kwenye modeli ya 1971 kipoza kikahamishiwa kijumba chake nyuma ya kasha, feni ikapanuliwa, na hewa ya moto ikapewa njia yake ya kutokea.

Hata hivyo, mpangilio ule wa zamani ndio ulioshinda mbio za magari za East African Safari mwaka 1962, kwa hiyo haukuwa wa kufa ovyo. Kinachoua valvu hasa ni nafasi ya taipeti, yaani upenyo mdogo unaoachwa kati ya valvu na mkono unaoisukuma. Valvu ya moshi ikizidiwa na joto hurefuka, nafasi ikaliwa. Ikiisha, valvu haifungi sawasawa, na kitako chake ndipo inapopozea joto. Huungua, au kichwa hukatika kikatoboa pistoni.

Kwa injini za cc 1300 hadi 1600 za baadaye, nafasi ni milimita 0.15, injini ikiwa imelala usiku kucha. Anza na silinda ya kwanza, zungusha puli nusu mzunguko kinyume cha saa, uende ya pili, ya tatu, ya nne. Ukikuta ya tatu imebana kila unapopima, usirekebishe tu ukafunga kifuniko: valvu hiyo inavutika, fungua hedi, yaani kichwa cha silinda.

Tukipima, kosa la kwanza ni la kiwanda, ila la kuvumilika. Lisilovumilika ni kuendesha bila mpira unaozunguka injini kuziba upenyo kati yake na bodi, maana feni hurudi kuvuta hewa ya moto kutoka chini. Hapo hata kipoza cha 1971 hakifui dafu.

Anayehamia mfumo huo wa 1971 anunue pia kasha, feni pana na mabati yake. Mipira miwili ya kuziba oili kwenye kipoza ifuate krankesi, yaani bodi ya injini: za zamani matundu ya oili ni milimita 8, za baadaye 10. Injini nzima inabeba lita 2.5 za oili tu, na mpira usiolingana hauchelewi kuzimwaga.